Mgonjwa wa Huko Juu

Jumatatu, 29 Septemba

Daktari ameniambia niandike kila siku miguu yangu imefanya nini. Nikamwambia miguu yangu haifanyi kitu, kazi yote hufanywa na matako. Hakucheka. Ni msichana mdogo, anaitwa Lydiah, umri wake ni kama wa binti yangu Maxine, na ana macho ya mwalimu mkuu.

Haya basi. Mimi ni Muchangi, mzaliwa wa Kanja kule Embu, karani wa mishahara katika chama cha ushirika cha maziwa hapa Meru mjini. Miaka yote ya kazi nimekaa tu. Asubuhi Riungu, tunayefanya kazi pamoja na ambaye nyumba zetu zinapakana hapa Kaaga, hunibeba kwa gari lake kutoka mlangoni kwangu hadi mlango wa ofisi. Chai huletwa mezani. Chakula cha mchana huletwa mezani. Jioni Riungu hunirudisha. Ng'ombe wa kufungiwa zizini hutembea kunishinda.

Sukari iko juu, presha iko juu, na nyayo zimeanza kufa ganzi. Daktari Lydiah alisema polepole, kwa Kiswahili cha darasani, ili nisijifanye sijaelewa: "Mzee, tukifika kliniki ya Desemba na hali ni hii, nakuanzishia sindano. Na hiyo miguu, siwezi kukuahidi."

Hakujua alikuwa ananiambia nini. Ndugu yangu Njoka, tuliyelala tumbo moja, alikatwa mguu mwaka jana, chini ya goti. Wake ulianza hivi hivi, kwa ganzi.

"Tembea," akasema. "Ukitoka kazini mpaka nyumbani. Kila siku."

Mke wangu Gladys angekuwepo angesema, si nilikuambia? Ni miaka mitatu sasa sina wa kuniambia si nilikuambia.

Jumanne, 30 Septemba

Nilimwambia Riungu jioni aende bila mimi. Akazima injini kabisa. "Tumekosana?"

"Hatujakosana. Nataka kunyoosha mgongo."

"Muchangi, watu watasema Riungu amenunua gari akaanza kuringa. Watasema nimekushusha."

Nikamwacha hapo akinung'unika. Nikapita Gakoromone, nikashika barabara ya kupanda Kaaga. Na hapo ndipo nilipojua kazi iliyo mbele yangu. Mtu wa hapa hawezi kukuona ukipita bila kujua unakoenda. Si ubaya, ndiyo salamu yenyewe. "Muga!" halafu "unaenda wapi?" Mzee mmoja wa kuleta maziwa akanisimamisha katikati ya wauza viazi. "Karani! Gari limekufa?"

"Hapana. Natembea tu."

"Unatembea tu, wapi?"

Hilo neno "tu" ndilo liliwatia hofu. Mtu mzima mwenye viatu vya ofisi hatembei tu. Kufika nyumbani nilikuwa nimeulizwa kama nimefutwa kazi, kama nimenyang'anywa leseni, na kama nimeokoka kanisa jipya.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimetembea. Goti la kulia linauma kama jino.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mchungaji amepiga simu. Amesikia nimeachishwa kazi na angependa tuombe. Tumeomba. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kilima kinapoanza kuna kibanda cha Mama Thuranira. Anauza sukuma wiki, nyanya za mafungu, parachichi na ndizi, naye hukaa juu ya kreti la soda tangu asubuhi mpaka giza. Ni mama mkubwa wa rika langu, mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya mto. Wiki yote iliyopita alikuwa akiniuliza na mimi nikipita nikiguna. Leo amesimama barabarani.

"Ai, Karani! Kila siku nakuona ukipanda hapa kama mtu amefukuzwa. Kwani ni nini? Mtu akitembea bure ni mwehu ama anapeleleza nyumba za watu."

Watu wawili waliokuwa wakinunua nyanya wakageuka kunitazama. Ningefanya nini? Niseme mbele yao nina sukari? Hapa ukitaja sukari jioni, kesho asubuhi wanajadili nani atakuwa mweka hazina wa matanga yako. Najua, walimfanyia Njoka hivyo na bado anapumua.

"Naenda kuona mgonjwa," nikasema.

Uso wake ukabadilika saa hiyo hiyo. "Woiye. Pole sana, Baba Maxine." Akanipisha. Wale wanunuzi wakasema pole. Kijana wa bodaboda akasema pole. Nikapanda kilima nimenyoosha shingo, hakuna aliyeniuliza tena.

Ni uongo mdogo. Na si uongo kamili. Huko juu ninakoenda kuna mgonjwa, na funguo za nyumba yake ziko mfukoni mwangu.

Jumanne, 7 Oktoba

"Mgonjwa ameamkaje?" Mama Thuranira.

"Anajikaza."

"Ni mwanaume ama mwanamke?"

"Mwanaume."

"Ako na mtu wa kumpikia?"

Swali hilo lilinipata pabaya. Nikatazama viatu vyangu. "Hapana," nikasema. "Ako peke yake."

"Yesu! Na wewe unaenda kumwona mkono mtupu? Shika." Akakata ndizi, zile fupi zilizoiva mpaka ngozi ina madoa, akaziweka kwa mfuko. Nikajaribu kulipa. Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Za mgonjwa hazilipiwi.

Sasa ziko mezani zinanukia nyumba nzima. Daktari alizikataza kwa jina. Nimekula moja. Haya, mbili.

Jumatano, 8 Oktoba

Ndizi nimezipeleka ofisini. Riungu na wenzake wamezimaliza kabla ya chai. Nimetembea.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo ni uji, tena kwa chupa ya chai. Uji wa wimbi, mzito, umetiwa sukari ya kutosha kuniua kabla ya Desemba. Nimeumwaga jikoni huku nikimwomba Mungu msamaha, maana nimezaliwa Kanja na sijawahi kumwaga uji. Halafu lile lingine: chupa ya watu hairudi tupu. Imebidi ninunue pakiti ya majani chai, niitie ndani ya mfuko pamoja na chupa, na niseme, "Mgonjwa amesema ahsante."

"Amesema hivyo?" Alifurahi sana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua imeanza, na si ya mchezo. Natoka ofisini na gambuti, viatu kwa mfuko. Riungu amepunguza mwendo kando yangu, akateremsha kioo, akasema kwa Kimeru kitu ambacho sitakiandika.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Nimekuwa Kanja tangu Jumamosi. Mahindi yamechomoza, majani chai yanang'aa, kila mtu shambani amejipinda na jembe, isipokuwa ndugu yangu. Njoka amewekewa kiti mlangoni. Aliponiona alicheka kwa sauti. "Karibu, afisa! Hata mimi nimepata kazi ya ofisi. Nakaa hapa mpaka saa kumi na moja, halafu naingia ndani kukaa."

Nikacheka naye. Halafu nikatazama suruali yake iliyokunjwa na kubanwa kwa pini, nikaogopa kwelikweli. Huyu alikuwa akipanda mti wa mparachichi kama nyani. Huyu alinibeba mgongoni kuvuka mto mwaka wa mafuriko. Alinionyesha alikokuwa amejikata kwa kipande cha chupa shambani bila kujua, akafunga kiatu juu yake wiki nzima. "Sikusikia kitu," akasema. "Ingeuma, ningepona. Maumivu ni rafiki, Muchangi. Mwenye kunyamaza ndiye adui."

Sikumwambia kuhusu nyayo zangu. Nilishindwa kuanza.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mama Thuranira anataka jina, ili amtaje kwenye maombi. Nikajikuta nimesema, "Njoka."

Basi ndugu yangu anaombewa Meru bila habari. Haitamdhuru.

Jumanne, 28 Oktoba

Mambo yamekua. Ndizi za Mama Thuranira haziishi, nazo zote huishia ofisini. Fundi wa viatu amenipa mayai. Mama wa duka la unga amenipa maziwa. Vijana wa bodaboda wanataka kunibeba bure: "Mzee wa mgonjwa, panda tukufikishe!" Nikakataa. Kesho yake nikakataa tena. Wamefikia uamuzi kwamba nimeweka nadhiri. "Huyo mzee ana upendo," nimemsikia mmoja akisema. "Gari liko, piki liko, yeye anataka kwa miguu."

Nimekula mayai. Mayai hayajakatazwa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mwisho wa mwezi. Mishahara. Nimekaa mpaka mgongo ukawa ubao. Lakini nimetembea.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua ilinikuta kibandani nikangoja chini ya turubai. Mama Thuranira akanisogezea kreti lingine. Alikuwa akimenya minji, zile njegere, na mikono yake haikupumzika alipokuwa akizungumza. Akanieleza kuhusu mumewe, Gitobu, aliyelala kitandani miaka miwili kabla ya kufa. "Wiki ya kwanza nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa nje. Mwezi wa pili walikuja wa kanisa. Mwaka wa pili hakuna aliyekuja, Baba Maxine. Hata ndugu zake. Alikuwa akisikia hatua barabarani anaangalia mlango. Mtu anapita."

Nikaokota minji iliyomwanguka.

"Ndiyo maana nikikuona ukipanda kila siku na mvua, naambia watu, yule ni mtu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hapo ndipo ningesema, na mdomo ulifunguka kabisa. Halafu akaja mteja wa sukuma. Nilipofika nyumbani niliketi sebuleni na koti limelowa, nikagundua kwamba tangu Gladys aende sijakaa na mtu muda mrefu hivyo bila kompyuta kati yetu.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa. Akina mama wa kanisa lake wamepanga kuja Jumapili kumwona Njoka, na nyimbo na mchele. Wanataka nielekeze nyumba. Nikasema daktari amekataza wageni. Wakasema basi wataimbia nje ya dirisha.

Nimefikiria kumuua. Lakini nikimuua watachanga, watataka kujua mwili uko wapi, na mchungaji atahitaji picha. Nimesema atapelekwa Nairobi kupimwa, atarudi baada ya wiki. Kumbe uongo ni kama ng'ombe, ukishafuga lazima ukatie majani kila siku.

Jumatatu, 10 Novemba

Imekwisha.

Nilifika kibandani nikamkuta amesimama na mikono kiunoni. Hakuniita Baba Maxine. "Karani, simama hapo."

Nikasimama.

"Riungu wako amepita hapa na gari Jumamosi. Amenunua ndizi. Unajua amesema nini? 'Mama, nipe zile tamu, zile Muchangi hutuletea ofisini.' Nikamuuliza, huwaletea tangu lini? Akasema tangu mwezi wa kumi. Kila mara. Mnakunywa nazo chai."

"Mama Thuranira, ngoja nikueleze."

"Zile mbaya ndizo niliuza," akasema, na sauti yake ile kubwa ilikuwa imekauka. "Zile nzuri nilikuwa nachagua nakuwekea. Nachagua! Nasema ni za mgonjwa."

Watu walikuwa wamejaa. Fundi wa viatu alikuwepo, na alikuwa ameshika nyundo. Nilijua maneno yaliyotakiwa, yalikuwa machache tu, lakini mbele ya macho yote yale ulimi ulikufa. Nikasema, "Samahani," kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake, nikapita. Hakuna aliyenifuata. Ningependa wangenifuata, wakanitukana.

Jumanne, 11 Novemba

Nimetembea. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimetembea. Hakuna.

Alhamisi, 13 Novemba

Niliwasalimu vijana wa bodaboda, "Muga!" Wakatazama simu zao. Mama Thuranira alikuwa akipanga nyanya, akaendelea kuzipanga, zile zile, mpaka nikapita. Mwezi mzima nilikuwa nikilalamika kwamba watu wa hapa wana maswali mengi. Haki, sikujua kilima kile ni kirefu namna ile.

Ijumaa, 14 Novemba

Gari la Riungu.

Amenipokea kama mwana mpotevu, hata akaniwashia muziki. Hajui alichofanya na sikumwambia. Tulipopita kibandani niliinama kufunga kamba ya kiatu.

Jumatatu, 17 Novemba

Gari.

Jumanne, 18 Novemba

Gari. Mvua.

Ijumaa, 21 Novemba

Gari. Maxine amepiga simu kutoka Mombasa. "Dad, unafanya mazoezi?" Nikasema ndiyo. Nimezoea sasa.

Jumatatu, 24 Novemba

Nataka kuandika hili vizuri, kwa mpango.

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili kasoro. Nimekaa kwenye kiti, nimevua kiatu cha kulia, na soksi ilikuwa nyekundu chini. Kwanza nilidhani ni udongo. Udongo wa hapa ni mwekundu, unaingia kila mahali. Halafu nikakumbuka kwamba sijakanyaga udongo siku nyingi, natoka mlango mmoja naingia mwingine. Nikageuza wayo, na pale chini ya kidole gumba kulikuwa na pini. Ile pini fupi yenye kofia tunayobandikia matangazo ukutani ofisini. Imetoboa soli ya kiatu, imeingia nyamani yote, na mimi nimetembea nayo, nimekaa nayo, nimekanyaga nayo ngazi. Labda tangu asubuhi. Labda tangu Ijumaa, kwa kuwa viatu ni hivi hivi. Sijui. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba sijui.

Niliing'oa. Hata hapo sikusikia kitu, ila kama mtu anavuta uzi kwenye nguo ambayo sijavaa.

Nikampigia Maxine. Haikupokewa. Nikashika simu nikitafuta jina la mtu mwingine wa kumwita, mtu wa kumwambia tu, "Njoo uone." Nilipitia majina yote. Kuna mameneja, kuna wa benki, kuna fundi wa paa, kuna Riungu, ambaye angekuja mbio na gari lake na kuniuliza kwa nini nalia. Na jina la Gladys bado liko, sijalifuta. Nilikaa nimeshika mguu wangu mapajani kama mtoto wa mtu, nikalia kwa sauti. Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo: nimeogopa, na niko peke yangu, na hakuna mtu katika mji huu mzima anayejua kwamba mgonjwa yupo.

Nimeosha kwa maji ya chumvi. Nimefunga kwa kitambaa safi. Kesho alfajiri, kliniki.

Jumanne, 25 Novemba

Daktari Lydiah amesafisha kidonda, amechimba mpaka nikaona yeye ndiye anayeumia. Amenipa dawa. Akasema, "Mzee, una bahati umevua soksi." Nikae nyumbani mpaka Jumatatu, mguu juu ya kiti. Nikirudi ofisini nivae viatu vya kufunika, vya soli ngumu, nikague nyayo kila jioni, na nikitembea, nitembee taratibu.

Akaniuliza nyumbani kuna nani wa kunisaidia kutazama wayo. Nikasema nitatumia kioo.

Ijumaa, 28 Novemba

Nyumbani. Mguu juu. Mvua juu ya mabati. Nimeongea na Njoka, nikamwambia yote, hata kwamba nimemtumia jina. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Usikae, Muchangi. Nakuomba. Mimi sina la kufanya tena, wewe unalo."

Jumanne, 2 Desemba

Nimetembea.

Nilivaa viatu vipya vya soli ngumu, nikatoka ofisini mapema nipate kwenda polepole. Nilipofika kibandani nilikuwa nachechemea na jasho linanitoka. Mama Thuranira aliniona tangu mbali, akaanza kupanga nyanya. Hakukuwa na mtu mwingine ila mtoto mmoja aliyetumwa chumvi, na alikuwa akiondoka. Nikasema, hapa hapa, Muchangi, hakuna mteja wa kukuokoa.

"Mama Thuranira, mgonjwa ni mimi."

Aliendelea kupanga.

"Ni sukari. Imeanza kula nyayo. Daktari alisema nitembee la sivyo nitakatwa kama ndugu yangu Njoka. Njoka yuko, lakini yuko Kanja. Huku juu niko mimi. Kila siku nilikuwa naenda kwangu."

Nyanya zilikuwa zimeshapangika vizuri sana. Akakaa kwenye kreti lake. Akanitazama viatu, akanitazama uso, akatazama viatu tena.

"Na zile ndizi ulikula?"

"Mbili."

"Mjinga wewe," akasema. "Kweli umesomea hiyo kompyuta? Ungesema ni sukari ningekupa mbichi, uchemshe. Sukuma ninayo. Managu ninayo. Nimekutilia sukari kwa uji, mikono yangu miwili! Ningekuua na Mungu angeniuliza mimi!" Sasa alikuwa amekasirika upya, kwa sauti yake yote, na sijawahi kufurahi kufokewa namna hiyo. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mtanizika kabla sijafa."

"Tukuzike vipi na wewe unapita hapa kila siku?"

Alipangusa macho kwa ncha ya leso, kwa hasira, kama anayefukuza nzi. Akasema siku zote zile ambazo sikuonekana, watu wa pale walikuwa wakiulizana nimepotelea wapi, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza.

Nikamwambia hata mimi nilikuwa nangoja mwingine aanze.

Jumatano, 3 Desemba

Kilima kizima kinajua. Fundi wa viatu amenivua kiatu kwa nguvu akakagua soli ndani kwa kidole, akatia ngozi nyingine. Mama wa duka la unga ana mjomba aliyepona kwa majani fulani, sikuelewa ni majani gani na yeye pia hajui. Kijana wa bodaboda, yule aliyesema nimeweka nadhiri, ameniambia, "Mzee, tulikuchukia kabisa." Nikamwambia ana haki.

Nimetembea.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimetembea. Ndizi mbichi za kuchemsha na mboga ya managu. Nilikula peke yangu, lakini kulikuwa na mtu aliyejua nakula nini.

Jumatatu, 8 Desemba

Kliniki. Kidonda kimefunga, safi. Presha imeshuka. Sukari imeshuka pia, ingawa si pale daktari anapopataka, na akanionyesha pale anapopataka kwa kalamu, mara mbili. Ameongeza kidonge kimoja. Sindano hakuna. "Si kwa sasa," akasema, na kwa mara ya kwanza nimeyaona meno yake. "Endelea hivyo hivyo, tuonane Machi."

Nilitoka nje nikampigia Maxine. "Niko kwa mkutano, Dad, nitakupigia." Sawa tu. Ana kazi ya kukaa, kama babake. Nitamwambia hilo akipiga.

Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya mwisho wa msimu isiyojua kama iendelee. Nilipita Gakoromone na habari yangu imenijaa kifuani, nikitembea haraka kuliko nilivyoruhusiwa. Mama Thuranira alikuwa na mteja, mwanamke mgeni mwenye mwavuli. Kreti la pili lilikuwa tupu, kavu chini ya turubai. Nilikuwa nimelipangia tangu kliniki. Ningekaa pale, ningemweleza moja moja, daktari amesema nini, ameandika nini, kalamu ilikuwa ya rangi gani, na huko nyumbani kungoje.

"Amesema nini?" akaniuliza kabla sijafika.

"Sindano hakuna. Miguu iko."

Akafumba macho kidogo. "Asifiwe Bwana." Nami nikashika kreti nilivute nikae.

Akanipiga mkono. "Wee! Unafanya nini?"

"Nataka kupumzika kidogo. Nikueleze."

"Kukaa si ndiko kulikuleta hapa? Umekaa huko kwa kliniki mchana wote, halafu unakuja kukaa kwangu? Niseme nini kanisani Jumapili nikiulizwa, kwamba nilikukalisha? Enda! Utanieleza kesho ukipita. Usisimame, damu italala. Usisimame!"

"Mama Thuranira, ni dakika mbili tu."

"Hata moja!"

Basi nikashika kilima, na mvua, na mfuko wa managu alionirushia. Nilikuwa na upweke, siwezi kusema sikuwa nao. Huko juu taa ya nyumba yangu haiwashwi na mtu ila mimi. Nyuma yangu nikamsikia yule mwenye mwavuli akiuliza ni nani huyo anayefukuzwa hivyo.

"Huyo?" Mama Thuranira akasema, kwa sauti ya kuvuka mto. "Huyo ni mgonjwa wetu."

Sikugeuka. Nilikuwa nimeambiwa nisisimame.